Dokezo la Neno Moja

Barua yangu ilirudi masijala Jumanne asubuhi, tarehe sita, ndani ya jalada langu mwenyewe. Juu yake mkuu wetu mpya alikuwa ameandika neno moja tu kwa wino wa buluu: "Karibu."

Nililisoma mara tatu. Nikageuza karatasi kuona kama nyuma kuna maneno mengine, hakuna. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Neno lilikuwa lilelile.

Mimi ndiye mkubwa wa masijala, kile chumba cha chini ambacho kila barua inayoingia au kutoka ofisini kwetu lazima ipitie. Nimekaa humo miaka kumi na tisa. Nimesoma madokezo, yaani yale maneno machache ambayo mkuu huandika juu ya barua kabla ya kuirudisha kwetu, mpaka naweza kukwambia aliamka upande gani wa kitanda kwa kutazama mwandiko wake tu. Mkuu aliyepita tulimwita Radi. Yule alikuwa haandiki, alikuwa anachana karatasi. "HAPANA." "NANI KAKUTUMA?" Akiandika "TUONANE," wenzako wanaanza kukuaga. Lakini ulimwelewa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na Radi alitujua na sisi tulimjua, kila mtu akakaa na hofu yake kwa amani.

Huyu aliyekuja baada yake alitutia kizunguzungu tangu wiki ya kwanza. Anapiga hodi kwenye milango ya watu walio chini yake. Anamwambia dereva tafadhali. Kwenye kikao anauliza, "Ninyi mnaonaje?" halafu ananyamaza kweli, anasubiri, na sisi tunabaki kutazama viatu vyetu kwa sababu hakuna aliyekuja na maoni. Tukampa jina la Tafadhali. Na tulimwogopa kuliko Radi, maana kimya kingi kina mshindo mkuu, na huo mshindo tuliusubiri mpaka shingo zikatuuma.

Sasa barua yangu. Niliomba uhamisho. Mama yangu alipata kiharusi miezi mitano nyuma, mkono na mguu wa kulia vikalala. Anaishi mji mwingine, safari ya siku nzima, na anayemwosha na kumlisha ni jirani. Jirani ni mtu mwema ila ana maisha yake. Alishaniambia kwamba tarehe thelathini na moja anahama kumfuata mumewe. Mimi ni mtoto wa pekee. Tawi letu la mji ule lilikuwa na nafasi moja ya karani, na nafasi hiyo ilitakiwa ijazwe kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo neno lile moja ndilo lililombeba mama yangu mzima mzima, na mimi sikulielewa.

"Amekujibu?" aliuliza msaidizi wangu kutoka meza ya pili. Ni mwanamke mtu mzima, mama wa watoto wawili, na tulikuwa tumekaa chumba kimoja miaka minne.

"Amejibu. Kaandika karibu."

"Si anakukaribisha? Panda tu juu ukamwone."

"Wewe, nani kakuuliza? Panga barua."

Akapanga barua. Nilimwona mjinga kidogo, sitaficha. Tangu lini mkuu akamkaribisha karani? Mkuu anakuita, anakufukuza, anakuagiza. Kukaribishana ni mambo ya nyumbani, na hata huko nyumbani ukiwakuta watu mezani wakakwambia karibu chakula, mtu mwenye akili anajibu nimeshiba.

Mchana nikaipeleka barua kwa katibu muhtasi wa mkuu, tuliyezoea kula pamoja kwenye chumba cha nyuma. Huyu anakaa mlangoni kwa mkuu siku nzima, kwa hiyo tunamchukulia kama daktari wa mambo ya juu. Aliitazama ile karatasi huku anatafuna.

"Dada, hii si karibu ya kukaribisha," akasema. "Hii ni karibu ya bado kidogo. Maana yake ombi lako liko karibu kupita. Usimsumbue. Ukimsumbua sasa atalirudisha nyuma."

"Una hakika?"

"Mimi nakaa pale mlangoni."

Dereva alikuwa pembeni anakunywa chai, akacheka. "Nyie mnasoma kama watoto. Mama, umeomba kwenda wapi?"

"Mbali."

"Na yeye kakwambia nini? Karibu. Yaani atakuhamisha ndiyo, ila hapahapa karibu. Utapelekwa ghala la ng'ambo ya barabara."

"Kule hakuna nafasi."

"Wakubwa hawakosi nafasi ya kumwekea mtu wasiyemtaka."

Nilirudi masijala na karibu za aina tatu kichwani badala ya moja. Ile ya msaidizi wangu niliiweka ya mwisho, kwa sababu ilikuwa rahisi mno, na katika miaka kumi na tisa sijaona jambo rahisi likitoka ghorofa ya juu.

Kesho yake nikafanya kinachofanywa na mtu wa masijala akiwa hajui la kufanya: nikaandika dokezo. Chini ya neno lake nikaweka, kwa mwandiko wangu mzuri, "Nashukuru kwa dokezo lako. Nasubiri maelekezo." Jalada likapanda juu. Alasiri likashuka. Alikuwa ameandika: "Hakuna haja ya kusubiri. Karibu."

Nikalichukua jalada nikarudi chumba cha nyuma. Katibu muhtasi aliposoma alinipa pole kabla sijauliza. "Hakuna haja ya kusubiri," akarudia taratibu. "Hapo ni kwamba usitegemee."

"Lakini kamalizia na karibu tena."

"Hiyo ni adabu tu. Yule kila kitu anakimalizia na adabu."

Jioni ile nilimpigia mama. Jirani alimshikia simu sikioni. Maneno yake siku hizi yanatoka mazito, kama ana kitu mdomoni, lakini swali lake nililielewa vizuri.

"Unakuja lini?"

"Karibuni, mama."

Nilipokata simu nikagundua kwamba nami nimesema neno lilelile, na kwamba sikujua mwenyewe nimemaanisha nini.

Wiki ikapita. Nikawa sina amani, na mimi nikikosa amani watu wa dirishani wanakiona cha moto. Masijala ina dirisha dogo ambalo wenye shida zao hupanga foleni mbele yake. Salamu yangu ya dirishani ni moja, njoo kesho, na naitoa bila kuinua macho. Si ubaya. Ukiwainulia macho watu hamsini kwa siku, unarudi nyumbani na shida zao zote mfukoni.

Alhamisi ya tarehe kumi na tano nilikuwa nimeinamia daftari, sauti ikasema, "Habari za kazi. Naomba jalada la mitaro la mwaka juzi, tafadhali."

"Njoo kesho."

"Saa ngapi nzuri?"

"Kesho ni kesho."

"Sawa. Asante."

Msaidizi wangu akanipiga teke chini ya meza. Nikainua macho kumkaripia, nikaona anatazama dirishani, amefunika mdomo. Nikatazama na mimi. Nikawahi tu kuuona mgongo wa Tafadhali ukipanda ngazi, na watu wa foleni wakimpisha bila kujua ni nani.

Siku nzima nilisubiri mshindo. Nilingoja simu, nikangoja barua, nikangoja hata mlinzi aje aniambie nikusanye vitu vyangu. Hakuna kilichokuja. Kilichokuja ni yeye mwenyewe, kesho yake, saa tatu asubuhi. Alipanga foleni. Mbele yake kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni na bwana mmoja aliyebeba bahasha, na nilipotaka kumwita apite mbele alinionyesha kwa mkono kwamba niwahudumie kwanza. Niliwahudumia wale watu wawili kwa upole ambao sijui niliutoa wapi. Yule bwana wa bahasha alinitazama kwa wasiwasi.

"Ni mimi wa jana," mkuu akasema zamu yake ilipofika.

Jalada lake lilikuwa tayari tangu jioni. Nilikuwa nimelifuta vumbi kwa leso yangu. Akalipokea, akashukuru, halafu akashusha sauti. "Na lile lako, mama. Nilikuandikia."

"Nimeona, mkuu."

"Basi mimi sina la kuongeza. Ni juu yako."

Akatabasamu, akaondoka. Ni juu yako. Radi akisema ni juu yako alimaanisha likiharibika, shingo itakayokatwa ni yako. Nilikaa kitini nikajaribu kuhesabu makosa yangu, na lile la njoo kesho lilikuwa la kwanza tu kwenye orodha.

"Anasema uamuzi ni wako," msaidizi wangu akasema polepole.

"Wewe, barua."

Akapanga barua.

Jumatatu ya tarehe ishirini na sita jirani alinipigia kabla sijafika kazini. Mama alikuwa ameanguka kitandani usiku. Hakuvunjika, ila alilala sakafuni hadi alfajiri kwa sababu hakutaka kumwamsha mtu. "Dada, mimi Jumamosi naondoka," jirani akasema. "Nimeshafunga mizigo. Nisingependa kumwacha hivi. Niambie tu ni nani anakuja."

Nilisimama pale barabarani na simu mkononi, nikaona kwamba hata nikifukuzwa sitakuwa mbali zaidi na mama yangu kuliko nilivyo sasa. Nikapiga moyo konde. Nilipofika ofisini sikuingia masijala, nilipanda ngazi moja kwa moja na jalada langu kwapani.

"Dada, una miadi?" katibu muhtasi akaniuliza, macho yamemtoka.

"Sina."

"Sasa utaingiaje?"

Hapo ndipo nilipotazama mlango wa mkuu kwa mara ya kwanza tangu Radi aondoke. Ulikuwa wazi. Katibu muhtasi akaniambia baadaye kwamba huwa wazi kila siku tangu mkuu mpya afike, na yeye alidhani bawaba zimeharibika, akawa amemwandikia fundi.

Mkuu aliponiona alisimama, akanivutia kiti mwenyewe. Nilikaa pembeni kabisa, nusu ya mwili nje, tayari kuondoka.

"Nimekuja kujua kosa langu," nikasema.

"Kosa gani?"

Nikamwekea jalada mezani, nikamwonyesha neno lake kwa kidole. "Hii, mkuu. Kuna anayesema ni karibu ya bado kidogo. Kuna anayesema ni karibu ya hapa jirani. Halafu ukasema hakuna haja ya kusubiri. Halafu ukasema ni juu yangu. Wiki tatu sijui nimeshika wapi."

Alilitazama lile neno kwa muda. Nadhani alitaka kucheka, lakini aliponitazama usoni akaacha. Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi, akaigeuza upande wangu. Ilikuwa barua ya uhamisho wangu kwenda tawi la mji wa mama. Ilikuwa imepigwa chapa na kusainiwa. Tarehe ya sahihi ilikuwa saba, siku moja baada ya lile dokezo la kwanza. Palipobaki wazi ni sehemu moja tu, tarehe ya kuanza.

"Nilikuwa nakukaribisha," akasema. "Uje tukae, uniambie tarehe. Nilipoona huji nikadhani umebadili nia, na mtu akibadili nia juu ya mama yake si jambo la kumhoji dirishani mbele za watu. Kosa ni langu. Ningeandika sentensi nzima."

Mkubwa alisema kosa ni langu, na paa halikuanguka. Nilitazama ile tarehe saba, nikahesabu siku ambazo barua ilikuwa imelala kwenye mtoto wa meza huku mama yangu akilala sakafuni. Hasira ilinijaa, na sikujua nimkasirikie nani, yeye, dereva, au mimi mwenyewe.

"Mama anaendeleaje?" akauliza.

Nilifungua mdomo nimwambie anaendelea vizuri, kama tunavyosema wote, nikaanza kulia. Alinisogezea maji akanyamaza mpaka nikamaliza. Alijua kunyamaza yule mtu, na kwa mara ya kwanza hakunitisha.

"Kuna jambo la pili," akasema. "Masijala. Nikikuachia bila mtu wa kuishika, jengo zima litasimama. Nani anajua majalada yanakaa wapi?"

Rafu zangu hazina vibandiko. Niliving'oa mwenyewe, miaka mingi nyuma, Radi alipoanza kufukuza watu. Kila kitu kilihamia kichwani mwangu, kwa sababu niliona kwamba anayejua peke yake hafukuzwi. Na niliona kweli, sikufukuzwa.

"Yuko msaidizi wangu," nikasema.

"Anajua?"

"Hajui. Sikumfundisha."

"Siku nne zinatosha?"

"Zikianza leo. Na yeye akikubali kujifunza usiku na mchana."

"Basi kamuulize. Akikubali, Alhamisi jioni unaondoka na barua yako. Ila usimwamuru, tafadhali. Muulize."

Nilishuka ngazi polepole. Kuamuru najua. Swali la kuuliza nilijaribu kulipanga kichwani ngazi baada ya ngazi, kila sentensi ikaanza na "Wewe."

Msaidizi wangu alikuwa anabana barua, ameinama. Nikasimama mbele ya meza yake nikamwita kwa jina. Akageuka kutazama dirishani, kuona ni nani anayeitwa. Dirishani hakukuwa na mtu. Akanirudishia macho, akaweka chini kile kibanio.

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa. Nataka," nikasema, nikaanza upya. "Naomba unisaidie."

Nikamweleza yote: barua, tarehe saba, jirani, rafu, siku nne. Nilisimama muda wote, maana haikunijia kwamba ninaweza kukaa upande ule wa chumba.

"Ni amri?" akauliza.

"Si amri. Unaweza kukataa."

"Na nikikataa?"

"Siendi."

Alitazama mikono yake. Hakuwa na hasira usoni, na ndiyo sababu sikuwa nimejiandaa kwa alichosema.

"Mama yangu aliumwa mwaka juzi, mwezi wa nane," akasema. "Nilikuomba ruhusa ya siku tatu. Ulikuwa hapo hapo mezani kwako. Ukaniambia mgonjwa ana ndugu wengine, majalada yana sisi tu. Nikapanga barua. Nilipofika Jumamosi nilikuta wameshazika."

Nilitafuta. Nakumbuka kila jalada la kila mtaro wa mji huu, na nani alilichukua na lini alilirudisha. Nilitafuta mwezi wa nane wa mwaka juzi kichwani mwangu kote, na hilo halikuwemo. Halikuwa limepotea, sikuwa nimeliweka kabisa. Niliona haya ambayo sijapata kuiona, nikatamani aninyime, ili angalau tuwe sawa.

"Samahani," nikasema. Ilikuwa ndogo, na hakuna neno kubwa kuliko hilo nililolijua.

Hakujibu samahani yangu. Aliinuka, akaenda kufunga dirisha na kutundika kile kibao cha tutarudi punde. Akavuta kiti chake mpaka upande wangu wa chumba, ambako hakuwahi kukaa, akakiweka ubavuni mwa kiti changu.

"Mama yako atakuwa peke yake kuanzia Jumamosi?"

"Ndiyo."

Akafungua daftari, akaandika tarehe juu ya ukurasa. "Rafu ya kwanza ina nini?" akauliza. "Sema polepole, niandike."